Mashine Haijui Utani

Fomu ilikuwa na visanduku saba vya mafanikio, na Jilala Nkwabi hakuingia hata kimoja. Siwema Pazi alimwuliza kimoja kimoja pale pale uani, ameketi kwenye kigoda alichopewa, kishikwambi mapajani. Cheo? Hakuna. Cheti cha kupita shule ya Mkondo wa Tatu? Hakuna. Kipato cha kuzidi wastani wa wilaya? Wapi! Nyumba yenye hati, safari ya kikazi nje ya mkoa, uongozi wa aina yoyote, ubunifu uliosajiliwa? Hilo la mwisho Jilala aliomba arudiwe, kisha akacheka kidogo na kutikisa kichwa. Siwema akabonyeza "hapana" mara saba.

"Ndiyo tumemaliza, mama?" Jilala akauliza.

"Bado kidogo."

"Maana lango linanisubiri. Wakulima wa zamu ya pili wakikuta maji hayajafunguliwa watanitukana mimi na babu yangu."

Kazi yake ilikuwa hiyo: kufungua na kufunga lango la maji ya umwagiliaji pale kijijini Mwakidalu. Lango lenyewe lilikuwa na mota yake na saa yake, na lingefunguka hata kama Jilala angelala siku nzima. Lakini sheria ilisema mtu wa Mkondo wa Tatu apewe kazi, na kazi zenyewe zilikuwa zimekwisha, basi wakamsimamisha pembeni ya mota. Alikuwa na miaka thelathini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo aliimalizia hapo.

Siwema alimtazama asihisi kitu. Usije ukamdhania roho mbaya. Alikuwa mama wa watu, mpole, hajapata kumfokea mtoto maishani. Ni kile kiraka. Kila mpimaji wa Mizani, mashine ya kupima akili za watoto, alivaa nyuma ya sikio kiraka cha ukubwa wa punje ya hindi, kinachopenyeza dawa ya utulivu kwenye damu, ili uso wake usimwonyeshe mtoto kwamba jibu lake ni zuri au baya. Huo ulikuwa mwaka wa ishirini na tisa Siwema anacho. Alipofiwa na mumewe waliambiwa wapimaji wenye msiba wanaweza kukivua, yeye akakataa. Alikaa eda yake yote macho makavu, akihesabu maua ya kwenye kanga, na mawifi wakasema maneno yao. Ndani yake palikuwa kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi: unajua jino lipo, unaligusa kwa ulimi, lakini halikwambii neno.

Akagusa kioo, ukatokea mstari.

Mstari ule ndio uliokuwa umempeleka Mwakidalu. Watoto wa kwanza kabisa kupimwa na Mizani, waliopewa namba wakiwa na miaka saba, sasa walikuwa watu wazima, na serikali ilitaka kujua kama namba zao zilisema kweli. Kazi hiyo iliitwa Ufuatiliaji wa Miaka Thelathini. Kila mtu alikuwa nukta: namba yake ya utotoni ikimsogeza kulia, mafanikio yake yakimpandisha juu. Siwema alikabidhiwa mia mbili na kumi na wawili, wote aliowapima kwa mkono wake mwenyewe mwaka ule wa kwanza. Jina la Jilala aliliona siku ya kwanza ya orodha. Akalisogeza hadi kesho, kesho ikawa kesho kutwa, mpaka akabaki yeye peke yake.

Sasa nukta ya Jilala ilishuka ikatua chini kabisa kushoto, namba sitini na nane, mafanikio sufuri, juu ya mstari barabara.

Na nikwambie kitu ambacho ofisini hawakupenda kukisikia. Miaka ya majaribio, walipopimwa watu wazima kabla ya Mikondo, nukta zilitawanyika kama mtama uliomwagika. Mstari ungeuona kwa kukaza macho. Wenye namba kubwa wengine walikuwa walevi, wenye namba ndogo wengine wana maduka mawili. Mizani ilibashiri, lakini kidogo, kama wingu linavyobashiri mvua. Ikaja sheria ya Mikondo. Wenye namba kubwa wakapelekwa Mkondo wa Kwanza, kwenye maabara na walimu. Wa katikati wakaenda wa Pili. Walio chini ya themanini wakatupwa wa Tatu, wakafundishwa kufagia na kusimama. Nukta zikajipanga zenyewe. Wakubwa wakapiga makofi: tazameni, Mizani inabashiri! Siwema aliwahi kusema kikaoni kwamba ukimfunga mbuzi kamba ya hatua tatu, si uganga kubashiri kwamba hafiki ya nne. Wiki iliyofuata wakambadilishia kiraka, wakampa chenye dawa kali zaidi.

"Karibu karanga, mama," mke wa Jilala akasema.

Aliitwa Minza. Alikuwa amechukua sahani ya karanga za kuchemsha, na nyuma yake alifuatwa na binti mdogo aliyevaa kandambili mbili zisizofanana. Mtoto akamsalimia mgeni shikamoo, akakaa chini, akaanza kumenya karanga kwa bidii bila kuangalia mtu.

"Marahaba. Unaitwa nani?"

"Limi."

"Alhamisi anatimiza saba," Minza akasema, na Siwema akajua mara moja kwamba karanga hazikuja bure. "Mama, wewe ni mtu wa Mizani. Tumeletewa barua. Wanasema mtoto hapimwi. Sasa hapimwi vipi, wakati wenzake wote wanapimwa?"

"Amekadiriwa," Siwema akasema.

Kanuni ya Makadirio ilikuwa na miaka miwili. Mashine zilikuwa chache na watoto wengi, na kwa kuwa mstari ulikuwa umenyooka hivyo, mtu fulani huko juu aliona hakuna haja ya kumpima mtoto wa watu wa chini. Wachukue namba ya baba, wachukue ya mama, wagawe kwa mbili. Ikiwa chini ya themanini, mtoto aandikiwe hiyo hiyo aende zake; na watoto wa wenye namba kubwa nao waandikiwe vivyo hivyo. Sitini na nane ya Jilala, themanini na tatu ya Minza. Alhamisi Limi angeandikwa sabini na sita, na Jumatatu gari la Mkondo wa Tatu lingekuja kumchukua.

"Mimi sisemi ana akili za ajabu," Minza akasema. "Mtoto tu huyu. Kila wiki anapoteza kandambili. Lakini si wamwulize kwanza? Hata mbuzi mnadani hufunuliwa mdomo akaangaliwa meno!"

"Kuna njia moja tu," Siwema akasema kwa sauti ile ile aliyosomea visanduku. "Kama namba ya mzazi mmoja ni batili. Na batili anaiandika yule yule aliyepima, akiri kosa ni lake."

"Sasa huyo aliyempima mume wangu tutampata wapi? Labda alishakufa."

Jilala alikuwa ameinama anachora vumbi kwa kijiti.

"Hajafa," akasema. "Ndiye huyo anakula karanga."

Minza akageuka akamkazia mgeni macho. Siwema akaiweka chini karanga aliyokuwa ameishika.

"Nilikujua uliposhuka tu kwenye pikipiki," Jilala akasema. "Mzaramo wangu. Umezeeka, lakini ni wewe."

*

Sasa sikiliza, maana kosa lenyewe si la kitaalamu. Ni kosa la kwetu.

Siwema alikuwa na miaka ishirini na saba, ametoka Kisarawe, hajapata kufika Usukumani. Alipewa darasa tupu, meza, na sanduku la Mizani lenye masikio: mpimaji anauliza, mtoto anajibu, sanduku linasikia na kuhesabu. Watoto arobaini walikuwa nje wakisubiri kwa mstari, wengi wakilia. Wakaingia wawili watatu wamekauka kwa woga, hawakutoa hata sauti. Wa nne akaingia kijana mwenye pengo, akataja jina: Jilala Nkwabi.

Siwema akataka kumtoa woga. Akafanya kile ambacho Mzaramo yeyote angefanya akikutana na Msukuma mahali popote, iwe sokoni, iwe mahakamani, iwe msibani kwenye jeneza.

"Aa! Mtani wangu! Umeshiba michembe yenu ya viazi vikavu leo au umekuja kunila mimi?"

Uso wa mtoto ukafunguka kama dirisha. Na kuanzia hapo, jamani, haikuwa mtihani tena.

Alimwuliza: ng'ombe ana miguu mingapi? Akajibu: wa kwetu minne, wa kwenu hana, kwa sababu nyinyi hamna ng'ombe. Alimwuliza: chungwa na ndizi vinafanana nini? Akajibu: vyote Wazaramo wanavila wakisema ni chakula cha jioni. Ukimkuta mtoto amepotea sokoni utafanya nini? Nitamwuliza kabila. Akiwa Mzaramo nitamwacha, huyo hajapotea, yuko njiani kwenda ngomani. Alimsomea namba nne akamwambia azirudishe kinyumenyume. Akasema: ng'ombe wakishatoka zizini wametoka, hawarudi kwa makalio.

Siwema alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Hajawahi kucheka vile tena kazini, na mwaka uliofuata, vilipoletwa viraka, hakuweza kucheka hata akitaka. Sanduku halikucheka. Dakika zilipokwisha likaandika sitini na nane, likampa vitufe viwili, Thibitisha na Batilisha. Aliyebatilisha alitakiwa kuandika kosa lake, na Siwema alikuwa kazini kwa majaribio ya miezi mitatu. Nje palikuwa na watoto thelathini na sita. Akajiambia, huyu atapimwa tena mwakani. Sheria ya kutorudia kipimo ilikuja miezi sita baadaye.

Akathibitisha.

*

"Kwa nini hukuacha?" Siwema akamwuliza. "Ulikuwa unajua majibu."

"Wewe ndiye uliyefungua," Jilala akasema. "Bibi alitufundisha, mtani mkubwa akikufungulia utani, mjibu mpaka afunge mwenyewe. Ukimjibu kwa ukavu umemvunjia heshima. Nikawa nakungoja uniambie: basi mtani, sasa tufanye kazi. Hukusema. Mara nikasikia, toka, aingie mwingine."

"Sikusema," Siwema akakubali.

"Na utani haupelekwi barazani, mama. Hata ukimwambia mtu nitakuzika hai, hakushtaki. Wewe wangu uliupeleka."

Hakusema kwa hasira. Siwema angependa aseme kwa hasira, angalau ajue pa kukaa.

"Nilipokuwa natoka niliona kile kisanduku kimeandika, na sura yako imebadilika," Jilala akaendelea. "Nikajua pameharibika. Nikawaambia wenzangu waliobaki: mle ndani msitanie, hata yule mama akianza yeye. Mashine haijui utani. Aliyenifuata alikuwa Gamaya, mtoto wa Luhende. Nasikia siku hizi ni mkubwa huko kwenu."

"Ni mkubwa wangu mimi," Siwema akasema.

Minza akampiga Limi kofi dogo la mgongo. "Nenda kacheze kwa mama mkubwa." Mtoto akaondoka na kiganja cha karanga. Minza akangoja apotelee nyuma ya ua wa minyaa, kisha akamgeukia Siwema.

"Basi andika! Umesikia mwenyewe, umekubali mwenyewe. Andika mtoto wangu aulizwe!"

*

Siwema alikwenda nyuma ya ua kupiga simu. Uso wa Dakta Gamaya Luhende ukatokea kwenye kishikwambi, miwani juu ya paji, nyuma yake rafu ya vitabu na ngao za tuzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niko Mwakidalu. Niko kwa Jilala."

Gamaya akashusha miwani.

Siwema akamweleza yote kwa mpangilio, kama ripoti: utani, kicheko, kitufe, mtoto, Alhamisi. Gamaya alisikiliza bila kumkatiza. Alikuwa kijana wa adabu siku zote. Kila Idi alimtumia mchele na mafuta, akimwita mama yangu wa Mizani, kwa kuwa mkono wake ndio uliomwandikia mia na thelathini na tisa.

"Mmoja hatikisi mstari, mama," akasema hatimaye. "Nukta moja ikitoka, hesabu inabaki ile ile."

"Unajua haitoki moja. Kosa la mpimaji likithibitika, wote aliowapima mwaka ule wanakuwa batili."

"Ndiyo maana nakwambia. Watu mia mbili na kumi na wawili! Wamo madaktari. Yumo rubani. Watoto wao wamepangiwa shule kwa namba zile. Mimi mwenyewe nimo. Utawavua nguo watu wote hao kwa ajili ya mtoto mmoja ambaye hata hujui kama atapata themanini?"

Siwema alilifikiria hilo kwa haki. Hakuwa na hasira ya kumsukuma wala huruma ya kumvuta, basi akalipima kama jambo la kupimwa.

"Daktari akivuliwa namba, atasahau kushona kidonda?" akauliza.

"Hawatamruhusu kushona."

"Basi kumbe siku zote ilikuwa ruhusa, haikuwa akili. Na wamo thelathini na mmoja wa Mkondo wa Tatu. Nimewatembelea wote, na kote nilikokwenda nilipewa kitu cha kutafuna. Wana watoto hamsini na kitu waliokadiriwa. Hao nao hawajaulizwa."

"Mama..."

"Jilala alipotoka mle ndani, aliwaambia nini?"

Gamaya alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Alisema tusitanie," akasema. "Mashine haijui utani."

"Na mimi nilikuanzia utani?"

"Ulinianzia. Ulisema, na wewe mtani umeleta michembe? Nikanyamaza. Ukauliza swali, nikajibu swali."

"Ulijua, miaka yote hii."

"Nilikuwa na miaka saba!"

"Sasa una thelathini na saba."

Akamwona mtu mzima yule anapepesa macho kama anayetafuta mlango. "Nikikuomba kama mwanao?" akasema. "Nina watoto watatu, mama. Wote wamekadiriwa kwa namba yangu." Gamaya akainua kichwa. "Una kiraka leo?"

"Ninacho."

"Basi hiyo si huruma. Usiniambie ni huruma. Ni kitu gani?"

Siwema alijichunguza ndani, akitafuta kweli, maana alimheshimu kijana huyu na hakutaka kumjibu ovyo. Alipapasa kila mahali asikute kitu.

"Sijui," akasema. "Naona tu kwamba lile jibu nililoandika si kweli, na kalamu bado iko mkononi mwangu."

Akamwacha kwenye kioo, mdomo wazi, akazima.

*

Fomu ya kubatilisha ilikuwa fupi. Chagua sababu: ugonjwa wa mtoto, kelele, kukatika kwa umeme, mpimaji kutojua lugha. Utani haukuwamo. Aliyetunga orodha ile bila shaka alikuwa mtu wa maana sana, asiye na watani. Siwema akachagua "Nyingine," akaandika kwa kidole kimoja, herufi kwa herufi, Minza akiwa amesimama juu ya bega lake anasoma kwa midomo: Nilimwanzia mtoto utani wala sikuufunga. Alinijibu kwa adabu ya kwao. Nilijua, nikathibitisha.

Kishikwambi kikamwuliza kama ana hakika. Kikamwuliza tena. Kikamwambia kwamba kumbukumbu mia mbili na kumi na mbili zitaguswa, na ithibati yake ya upimaji itafungwa papo hapo, na haki zake za ustaafu zitaangaliwa upya. Akaweka dole gumba.

Mstari ukabaki pale pale, ila nukta zake mia mbili na kumi na mbili zikafutika, juu, katikati na chini, zote kwa pamoja. Chini likatokea jina la Limi Jilala: ATAPIMWA, ALHAMISI, SAA TATU. Kisha kioo kikawa cheusi na kuandika kwamba mtumiaji hana mamlaka.

Minza akapiga kigelegele kimoja kikali, akakikata katikati, akafunika mdomo kwa viganja. "Limi!" akaita, akakimbia kuelekea kwa mama mkubwa, upande mmoja wa kanga ukiburuta. "Limi wee!"

Wakabaki wawili uani. Siwema akamweleza Jilala yaliyobaki, kwa sababu ilikuwa haki yake kujua: kwamba awahi siku ya Alhamisi, kwamba amwambie mpimaji mapema mtoto huyu ni wa watani, asianze lolote. Jilala aliitikia kila neno kwa kichwa.

"Na mimi?" akauliza.

"Aliyevuka miaka kumi na minane hapimwi."

"Kwa hiyo sina namba."

"Huna."

"Hata ile sitini na nane."

"Hata ile."

Jilala akakaa kwenye kigoda alichokuwa amekalia mgeni. "Umepima watoto wangapi wewe, tangu uanze?"

"Elfu kumi na moja na mia kadhaa."

"Basi wewe huhitaji mashine tena. Ukimsikiliza mtu unajua." Akainua macho. "Ningepata ngapi?"

Siwema alijua watu hutaka nini wakiuliza hivyo. Angeweza kumpa mia na arobaini. Zawadi isiyomgharimu kitu, na mtu akafa nayo. Angeweza kumpa sabini, akamwondolea kujiuliza. Lakini tangu asubuhi, bila kukusudia, kwa mazoea tu ya mkono, alikuwa amempima: alivyoyapanga maneno, alivyokumbuka, kile alichokielewa mara moja na kile alichotaka arudiwe. Ule utani wa zamani nao aliupima. Ulikuwa mtamu, lakini nusu yake ilikuwa ya bibi, kila mtoto wa Kisukuma anao.

"Mia na mbili," akasema. "Mia na nne, kama ungekuwa umelala vizuri. Mtu wa kawaida."

"Wa kawaida."

"Ungekwenda Mkondo wa Pili. Ungekuwa karani, au fundi, au mwalimu wa shule. Mwalimu wa kawaida tu, wanafunzi wangekusahau."

Jilala akaokota tena kile kijiti. Alipoanza tena kusema alikuwa anaongea na vumbi.

"Unajua, nilikuwa na mawili. Siku nyingine nilijiambia mimi ni mjinga kweli, hakuna kilichopotea, nikasimama pale langoni na roho yangu ikatulia. Siku nyingine nilijiambia mimi nina akili kuwapita wote, ndiyo maana Mungu akanijaribu, nikasimama pale kama mfalme. Yote mawili yalikuwa yanabebeka." Akasugua uso kwa viganja. "Karani. Ningekuwa karani tu. Ningekuwa nalalamika kuhusu bosi."

Akalia. Hakulia kama wanaume wanavyolia, kwa kugeuka na kukohoa. Alilia kwa sauti, mabega yakipanda na kushuka, kamasi zikimtoka. Siwema alisimama mbele yake na mikono yake miwili, asijue aiweke wapi. Alingoja kitu kipande kifuani. Akangoja tena. Akamtazama mtu anayelia kama unavyotazama mvua ukiwa ndani ya nyumba.

Minza alirudi anahema, mtoto amembeba kiunoni, kicheko bado kiko usoni. Alipomwona mumewe kicheko kikaanguka. Akamweka mtoto chini.

"Umemwambia nini?"

"Ameniuliza, nikamjibu."

"Umemtukana?"

"Hapana," Siwema akasema. "Nimemwambia alikuwa sawa na watu wengine."

Minza alimtazama mumewe, kisha akamtazama mgeni, muda mrefu, na ilionekana wazi kwamba ameelewa. Akachuchumaa, akamshika Jilala kichwa akakilaza begani kwake.

"Asante kwa ya mtoto, mama," akasema bila kugeuka. "Sasa nenda."

Siwema akaokota mkoba wake, akaondoka.